Mashine ikisema hakuja kazini, nani atamjibu dirishani?

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika shamba la maua huku Naivasha. Tuko wawili ofisini na wafanyakazi ni 800 na ushei, bila kuhesabu wa msimu. Mkurugenzi wetu amerudi kutoka mkutano Nairobi akiwa na pendekezo la kampuni inayouza programu ya akili unde, na anataka ianze kabla ya msimu wa Valentine. Itachuja barua za maombi. Mwaka jana tulipokea zaidi ya 1,400 kwa nafasi 60. Itaunganishwa na mashine ya alama za vidole pale getini, na wanaokosa kazi itawaandikia yenyewe barua za onyo na za kuachishwa. Itajibu pia maswali ya wafanyakazi kwa WhatsApp. Mwenzangu naye tayari anatumia ChatGPT kufupisha fomu za hospitali za waliougua. Nikubali, nikatae, au nifanyeje? Na kazi yangu mwenyewe, itabaki?

Jibu: Dada yangu, sijambo, na nashukuru umeuliza kabla mkataba haujatiwa sahihi. Barua za namna hii mara nyingi hunifikia mtu akiwa tayari ameitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapa Nakuru, na wakati huo ushauri wangu huwa hauna kazi tena.

Umeuliza mambo kadhaa na hayana uzito sawa, kwa hivyo sitayajibu kwa urefu sawa. Msimamo wangu nautaja mapema: usikatae yote, na usikubali yote. Mkurugenzi wako hajakosea kutaka msaada. Watu wawili kuhudumia 800 ni kazi ya punda, na najua Januari inavyokuwa huko, maua yakikimbizwa yafike Ulaya kabla ya tarehe 14 Februari na kila mtu akitaka kitu kutoka ofisi yako siku hiyo hiyo. Tatizo langu na pendekezo lile liko katika neno moja ulilolinukuu: "yenyewe".

Ofisi yako bila shaka ina dirisha. Kila ofisi ya wafanyakazi niliyowahi kuingia shambani ina dirisha, na Jumatatu asubuhi dirisha hilo lina foleni. Mtu anafika pale na swali moja: kwa nini? Kwa nini nimekatwa, kwa nini sikuitwa, kwa nini nimeandikiwa barua. Chochote ambacho programu imefanya, na wewe unaweza kukieleza pale dirishani kwa mdomo wako mwenyewe, mtu akaelewa hata kama hakupenda, kiache programu ikifanye. Chochote ambacho jibu lake la pekee ni "sistimu imesema", kiondoe kwenye mkataba. Kwa kipimo hicho nitapitia uliyouliza, nikianza na linalonitia hofu kuliko yote, la mashine ya vidole.

Miaka mingi iliyopita nilikalia kiti kama chako, katika shamba ambalo sitalitaja. Tuliletewa mashine ya vidole, na kompyuta ikapangwa hivi: mtu akikosa siku tatu mfululizo, barua inatoka. Ijumaa moja jioni niliwekewa rundo la barua mezani nikatia sahihi zote, moja baada ya nyingine, bila kuita mtu. Jumatatu akaja mama mmoja wa pakhausi, kule maua yanakofungwa. Hakupiga kelele. Aliweka mikono yote miwili kwenye kizingiti cha dirisha, viganja juu. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imegeuka nyeupe na kubanduka kwa kushinda kwenye ndoo za maji yenye dawa, na juu yake mikwaruzo ya miiba ya rosi, mipya kwa mizee. Dole gumba lilikuwa laini kama punje ya maharagwe. Hakukuwa na alama ya kusomwa pale. Mashine ilikuwa imemkataa siku nne, na askari wa getini, kwa vile foleni ilikuwa ndefu na basi la wafanyakazi limechelewa, alimwambia pita tu, utasomwa kesho.

Kila shada alilofunga lilikuwa na stika yenye namba yake, ili mteja akilalamika ijulikane limefungwa na nani. Namba yake ilikuwa kwenye daftari la pakhausi siku zote nne. Akaniuliza, "Kama sikuja, hayo maua yalifungwa na nani?" Sikuwa na jibu. Shamba lile lile lilikuwa na rekodi mbili, moja ikisema yuko na nyingine ikisema hayuko, na mimi nilitia sahihi kwenye ile moja kwa sababu ilikuja ikiwa imepigwa chapa vizuri. Tulimrudisha kazini na kumlipa siku zake. Lakini alikuwa amelala usiku tatu akijua hana kazi, na hilo hakuna hundi inayolilipa.

Kwa hivyo ukikaa na muuzaji, anza na maneno ambayo programu itaandika. Mashine isiposoma kidole, iandike "haikusoma". Neno "hakuja" liandikwe na mtu, baada ya kumuuliza supavaiza na kutazama daftari la grinihausi au la pakhausi. Kila siku kabla ya saa nne asubuhi itolewe orodha ya waliokosa kusomwa, ipelekwe kwa masupavaiza, ijibiwe siku hiyo hiyo watu wakiwa bado wanakumbuka. Weka pia njia ya pili pale getini, kadi au namba ya kazi, kwa wale ambao vidole vyao vimechoka. Na shambani kwa maua hao ni wengi, hasa wanaokata, wanaogredi na wanaochanganya dawa. Muuzaji akikuambia mashine yake husoma kila mtu, mwambie aje nayo.

Pengine atakuambia basi tutumie uso badala ya kidole. Mwaka 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za makampuni makubwa zilizokuwa zikitazama picha ya uso na kusema huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, kosa halikufika hata asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Programu zimeboreshwa tangu hapo, sikatai, na kutambua jinsia si sawa na kumtambua mtu. Ila somo linabaki: ilipimwa kwa nyuso za nani? Dai ipimwe kwa watu wenu, saa kumi na mbili asubuhi kukiwa bado na giza, wakiwa wamevaa kofia na leso.

Sasa sheria, kwa maana hapa mkurugenzi wako atasikiliza hata kama hadithi ya yule mama haikumgusa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha amsikilize. Hata yule anayefutwa papo hapo kwa kosa kubwa, na kukosa kazi bila ruhusa kumetajwa humo kifungu cha 44, lazima asikilizwe. Kifungu cha 43 kinamwekea mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu. Barua iliyoandikwa na programu usiku wa manane haijamsikiliza mtu. Mkipelekwa mahakamani, fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Zidisha hiyo kwa idadi ya barua ambazo mashine ingetoa kwa msimu mmoja.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Sheria imeacha milango michache, mmojawapo ukiwa idhini ya mhusika, na najua muuzaji atakimbilia mlango huo: kila mtu atie sahihi fomu ya kukubali, basi. Mimi siuamini mlango huo kazini. Sheria yenyewe inataka idhini iwe ya hiari, na mtu aliyesimama getini akitafuta kibarua hana hiari mbele ya karatasi unayompa. Hata pale uamuzi wa namna hiyo unaporuhusiwa, mhusika lazima aarifiwe kwa maandishi, na anaweza kudai mambo yake yaangaliwe upya na mtu. Yaani mtarudi pale pale dirishani. Afadhali mtu awepo tangu mwanzo.

Programu ikuandalie rasimu ya barua ya kujieleza kama unataka, ijaze jina, namba na tarehe, ikupunguzie kuchapa. Barua itoke ikiwa na sahihi yako baada ya wewe kujua kilichotokea. Barua ya kuachisha kazi usiiruhusu hata irasimiwe kabla kikao hakijafanyika. Nimeona jinsi rasimu iliyo tayari inavyomfanya mtu asisikilize. Kikao kinageuka kuwa njia ya kufikia karatasi iliyokwisha andikwa.

Tuje kwenye barua 1,400. Hapa programu inaweza kukufaa sana, ila kwa sehemu ambayo wauzaji hawaitaji katika matangazo yao. Kazi ya ukarani iachie: kusoma barua zilizopigwa picha na kutumwa kwa simu, kuzipanga kwa namba ya kitambulisho, kutoa zilizorudiwa (kuna anayetuma tatu kupitia kaka watatu), kuangalia aliye chini ya miaka 18, na mwisho kuwatumia ujumbe mfupi wale wote ambao hawakupata. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Maelfu ya watu huomba kazi huko Naivasha na hawasikii neno kamwe, wanaendelea kukaa mtaa wa Karagita wakilipa kodi ya nyumba wakisubiri simu. Ujumbe wa "nafasi zimejaa, asante, na kumbuka kazi hapa haiuzwi" unampa mtu ruhusa ya kutafuta kwingine, na unamharibia biashara dalali wa getini.

Kuchuja ni jambo jingine. Programu hizi hazijui maua. Zinajua maneno, na zinajua kufananisha barua mpya na barua za waliowahi kuajiriwa. Amazon, kampuni ambayo haikosi wataalamu, ilijaribu kuunda programu ya kupima wasifukazi kwa kutumia barua ilizopokea kwa miaka 10. Kwa kuwa nyingi zilitoka kwa wanaume, programu ikajifunza kwamba mwanamume ndiye mfanyakazi mzuri, ikaanza kuzishusha barua zenye neno la "wanawake", kwa mfano mtu aliyeongoza klabu ya wanawake ya mchezo wa sataranji. Waliirekebisha, wakashindwa kuwa na uhakika nayo, wakaiacha. Habari hizo zilitoka Oktoba 2018.

Yenu itajifunza kwa nani? Kwa wale mliowaajiri zamani. Jiulize kwa unyofu waliingiaje. Kuna walioingia kwa mikono yao, na kuna walioingia kwa kuwa supavaiza ni binamu, au kwa kuwa mtu alitoa kitu kidogo. Programu haioni hongo. Inaona majina, sanduku la posta, shule. Katika nchi yetu jina humtangulia mtu mlangoni: Wanjiku, Atieno, Nekesa, Chebet. Hakuna haja ya mtu kuiambia programu kabila; itaokota mwenendo uliokuwepo na kuuendeleza kimyakimya, kwa kasi ambayo supavaiza hakuwa nayo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya virusi vya ukimwi na mengineyo, na mtu akilalamika mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba hakubagua. Utaonyeshaje kama hujui ilivyochagua?

Kuna na suala la saiba, vile vibanda vya kompyuta. Barua za vijana wengi wa huko zinachapwa saiba zile zile, kwa sentensi zile zile za Kiingereza kilichonyooka, na siku hizi akili unde ndiyo inayoziandika. Programu itazipa alama za juu, mashine ikisifu maandishi ya mashine nyenzake. Wakati huo huo kuna mama ameandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari: "Nimegredi rosi miaka 9, naweza kutenganisha shina la sentimita 50 na la 60 kwa macho bila rula." Huyo ndiye unayemtaka Januari. Programu inayotafuta maneno ya Kiingereza itamweka namba 1,300.

Kama mkurugenzi anashikilia ijaribiwe, fanya majaribio mawili ambayo hayagharimu kitu. Chukua barua 50 za mwaka jana, wewe na supavaiza mnayemwamini mzisome kila mmoja peke yake na kuweka alama, kisha programu nayo izisome, mlinganishe. Mkitofautiana, uliza sababu. La pili ni hili: chukua barua moja nzuri, inakili mara nne, ubadilishe jina tu na sanduku la posta, moja la Nyeri, moja la Siaya, moja la Bungoma, moja la Bomet, uiingize kwenye programu. Alama zikitofautiana hata kidogo, umeshapata jibu lako, na uchapishe karatasi hiyo umpelekee mkurugenzi.

Mimi ningefanya hivi. Ningetumia fomu fupi ya maswali matano ya ukweli: umewahi kufanya kazi gani ya maua, kwa muda gani, uko tayari lini, una cheti chochote cha dawa, unapatikana namba gani. Programu ipange majibu. Wanaotimiza sharti waitwe kwa makundi, wapewe nusu siku kitaluni au mezani pakhausi, walipwe nusu siku hiyo, na supavaiza wawili waweke alama bila kuonana. Na wanaofaulu wakiwa 200 na nafasi ni 60, basi pigeni kura hadharani, vikaratasi kwenye ndoo, mwakilishi wa chama akiwa ameshika ndoo. Wengine hunicheka kwa ushauri huu wakiona ni wa kizamani. Lakini aliyekosa kwa kura anarudi nyumbani akijua hakuna aliyemwonea, na hakuna muuzaji wa programu anayeweza kukuahidi hilo.

Kuhusu fomu za hospitali, mwenzako aache leo, kabla hujamaliza kusoma. Usimgombeze, najua alizidiwa. Lakini sheria ya data inahesabu habari za afya, alama za mwili kama vidole, hali ya ndoa, hata majina ya watoto, kuwa data nyeti. Akizibandika kwenye akaunti yake binafsi zimetoka shambani, zimevuka mpaka wa nchi, na hamna mkataba wowote na aliyezipokea. Kufuta jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mwanamke wa grinihausi 7 aliyejifungua mapacha Agosti", shamba zima linamjua. Andikeni kilichotokea, fomu ngapi na za lini, mfute mlichoweza kufuta, na mkae na wakili kuamua kama ni la kuripotiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, maana muda wa kuripoti uvujaji ni saa 72 tangu mjue. Hakikisha pia shamba limesajiliwa na ofisi hiyo. Usajili ulianza Julai 2022, na shamba la watu 800 halimo kati ya wadogo waliosamehewa. Kabla ya mashine mpya kuwekwa, mnahitaji tathmini ya athari zake kwa data za watu, kwa maandishi. Kazi ambayo ChatGPT inaweza kuwafanyia bila hofu ni ile isiyo na mtu ndani yake: rasimu ya tangazo, fomula ya Excel inayokusumbua, au kuifanya sera ya Kiingereza kizito kuwa Kiswahili cha ubao wa matangazo, kisha wewe uisome tena.

Mishahara sina ugomvi nayo, mashine ihesabu. Tahadhari yangu ni moja: tumia mfumo wa mishahara unaosasishwa, usiulize programu ya mazungumzo. Tangu Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya NHIF yaliisha, ikaja SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara. Programu iliyojifunza kwa maandishi ya zamani inaweza kukupa jedwali la kale kwa ujasiri wote. Mtu wa shilingi 18,000 angekatwa 600 badala ya 495. Tofauti ni shilingi 105. Kwa watu 800 wa mshahara huo ni 84,000 kwa mwezi, na kila mmoja wao atapita dirishani kwako.

WhatsApp pia ni nzuri kwa mambo ya siku zilizobaki za likizo, tarehe ya mshahara, basi linapita wapi. Ijaribuni kwa Kiswahili wanachoongea watu, si cha kitabuni, na kila jibu liwe na namba ya mtu wa kupigiwa. Malalamiko ya kunyanyaswa kimapenzi yasiingie humo hata kidogo. Sheria inawataka waajiri wa watu 20 na zaidi wawe na sera juu ya hilo, na msichana aliyeshikwa na supavaiza nyuma ya grinihausi anahitaji mtu wa kumwambia, ikiwezekana mwanamke, na mlango unaofungika.

Umeuliza kuhusu kazi yako, ukaliweka mwisho, lakini nimeona ndilo lililokufanya uandike. Sehemu ya kazi yako itaondoka: kuchapa, kujumlisha, kutafuta faili. Kusikiliza, kufanya kikao, kutembea grinihausi, kuonana na chama, hiyo haiondoki, na kwa miaka mingi hukupata nafasi ya kuifanya vizuri kwa sababu ya kuchapa. Mwambie mkurugenzi hivyo, na umwambie kwa saa: saa ngapi kwa wiki mtaokoa, na utazitumia wapi. Akitaka kupunguza mtu, kifungu cha 40 kinataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, vigezo vya haki vya kuchagua, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Hakuna programu inayofuta hayo.

Na msianze kabla ya kuongea na chama. Wafanyakazi wakisikia "akili unde" hawafikirii WhatsApp. Wanafikiria Kericho, ambako Mei 2023 hasira juu ya mashine za kuchuma chai zilifika mahali pa kuzichoma. Soma mkataba wenu wa pamoja uone unasemaje juu ya teknolojia mpya, kisha waite wawakilishi waone skrini yenyewe, waulize maswali yao, wajue nani atatia sahihi nini. Muuzaji naye umwombe maandishi ya jinsi programu inavyoamua. Umoja wa Ulaya, ambako maua yenu yanaenda, ulipitisha sheria mwaka 2024 inayoziweka programu za kuajiri na kusimamia wafanyakazi katika kundi la hatari kubwa. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya Naivasha, lakini muuzaji anayejisifu kuuza huko lazima ajiandae kuwa na maandishi hayo.

Kesho fanya jambo moja kabla ya kumwona mkurugenzi. Chukua daftari, fika getini saa kumi na mbili kasorobo, usimame kando ya mashine mnayotumia sasa mpaka foleni iishe. Kila kidole kinachokataliwa, weka alama. Andika na ni wa idara gani: kukata, kugredi, dawa, ofisi. Kisha ingia kwa mkurugenzi ukiwa na ukurasa huo mkononi.